Namna ya kufunga pakacha la khabari za wiki za sayansi, teknolojia na utamaduni, watu wako wakazisoma kweli

Asalaam aleikum jamani, watu kadhaa washaniuliza vipi naandaa lile pakacha la khabari ninalolituma kila Alkhamisi usiku kwenye grupu la familia na lile la tuliosoma pamoja skuli Wete, Pemba, yaani zile khabari tano za sayansi na mitambo na mambo ya utamaduni, basi leo nimekaa nimeandika kila ninachokifanya ili na wewe uwafanyie watu wako, maana khabari nzuri duniani ni nyingi na watu wetu wanazipenda sana, kinachokosekana ni mtu wa kukaa nazo akazichambua.

Mwanzo nilikuwa natuma linki tupu. Kumi, kumi na tano, moja chini ya nyengine, na nikiona nimefanya kazi kubwa. Siku moja ami yangu aliyeko Wete, mvuvi, akanipigia simu akaniambia "mwanangu, hizo linki zako hazinifungukii, bando langu la WhatsApp tu, we niambie ndani mna nini." Nikaanza kuwauliza na wengine, shangazi yangu, jamaa zangu wa skuli, wengi hivyohivyo, ama bando halifungui kitu chengine, ama inafunguka halafu ni Kiingereza kirefu, ama mtu yuko kwenye daladala anasoma mistari mitatu anashuka. Tokea siku hiyo kila khabari naiandika ijitosheleze yenyewe, mtu asiyefungua kitu aipate nzima, na linki naiweka mwisho kwa anayetaka kuzama. Hili ndilo la kulishika kuliko yote humu, ukitupa linki bila ya maneno yako umempa mtu nazi haijafuliwa.

Vyanzo usiwe na vingi, vyangu havifiki kumi. Kwa Kiswahili nasoma BBC Swahili, DW na khabari za Umoja wa Mataifa kwa Kiswahili. Mambo ya anga naenda kwa wenyewe NASA ya Marekani na ESA ya Ulaya, utafiti naangalia majarida kama Nature ambayo hata makala ikiwa ya kulipia muhtasari wake unausoma bure, utamaduni UNESCO, na ya nyumbani gazeti la Zanzibar Leo na shirika la utangazaji ZBC. Kila nikikutana na kitu katikati ya wiki najitumia mwenyewe WhatsApp na neno moja la kunikumbusha kwa nini nimekipenda. Ukisema utakumbuka, hukumbuki.

Jumatano usiku ninazo ishirini hivi. Hapo napunguza, na napunguza kwa kujiuliza suala moja tu, je kesho nikikaa Jaws Corner, baraza yetu ya Mji Mkongwe, na kikombe cha kahawa naweza kuieleza hii bila ya kushika simu? Ikiwa siwezi basi mwenyewe sijaielewa, naiacha wiki ijayo au naisoma tena. Zinazobaki nachanganya, moja ya mbinguni au baharini, moja ya mitambo, moja ya afya, moja ya utamaduni au historia, na moja lazima iguse visiwani. Ukiweka tano zote za simu mpya vijana watafurahi na wazee wote umewapoteza.

Ya afya iangalie maneno yake mara mbili. "Imejaribiwa kwa panya", "imependekezwa" na "imeanza kutolewa" ni khabari tatu mbalimbali kabisa. Chanjo ya malaria ya kwanza Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto tarehe 6 Oktoba 2021 na ya pili ikafuata Oktoba 2023, sasa mtu akikuandikia tu "chanjo ya malaria imepatikana" hukuelewa ni ipi wala imefika hatua gani, na mama mwenye mtoto mgonjwa anayesoma ujumbe wako anaweza kuondoka akenda kuitafuta.

Sasa kusoma mpaka mwisho. Watu wanaona ni kazi lakini ndipo penye utamu wote. Mwezi wa tatu 2023 Nature walitoa utafiti wa vinasaba vya watu wa kale 80, wengi wao waliozikwa kwenye miji ya pwani yetu ya Waswahili, Kenya na Tanzania, kati ya mwaka 1250 na 1800. Mimi ilinifikia kwa njia mbili siku moja, grupu moja wameandika imethibitika Waswahili ni Wapersia, grupu la pili wameandika imethibitika Waswahili ni Waafrika watupu, na kila upande wameweka linki ileile! Nikaifungua nikasoma. Kumbe wengi katika watu wale zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Afrika na imeingia zaidi kwa upande wa wanawake, halafu sehemu kubwa nyengine ni ya Asia, na katika hiyo ya Asia asilimia 80 mpaka 90 ni ya wanaume wa Kiajemi, na kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000, kisha baada ya 1500 hivi ndio asili ya Kiarabu ikazidi. Yaani bibi zetu na babu zetu wote wamo humo, hakuna aliyetolewa. Nikaongeza mstari mmoja wa nyumbani, kwamba ingawa makaburi yale si ya Kizimkazi, kusini ya Unguja, lakini msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, kwa hivyo mtu anaweza kwenda kuona kwa macho yake kitu cha zama hizohizo. Mazungumzo yalikwenda siku mbili na hakugombana mtu, kwa sababu walikuwa na kitu kizima mkononi badala ya kichwa cha khabari.

Ukifungua utafiti usitishike na urefu. Soma muhtasari, kisha rukia mwisho kwenye majadiliano, humo wenyewe wanasema wazi mambo gani kazi yao haiwezi kuyathibitisha, na hilo ndilo waandishi wa vichwa vya khabari wanaloliacha kila siku.

Tarehe. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa niliwakosea watu wangu. Mwezi wa saba 2025 ulizunguka ujumbe kwamba tarehe 2 Agosti dunia nzima itaingia giza dakika sita, jua litapatwa na haitotokea tena mpaka miaka mia. Niliupokea, nikaona ndani mna jina la NASA, nikautia kwenye pakacha bila ya kufungua chochote, ilikuwa Alkhamisi tarehe 31 Julai. Bibi yangu akaanza kuwaambia wanawake wenzake wajiweke tayari kwa swala ya kupatwa. Ami akanipigia.

"Mwanangu, leo mwezi ngapi?"

Nikaangalia kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, nikamwambia mwezi sita ami, mfunguo tano, yaani tarehe sita ya Safar.

"Basi Jumamosi mwezi nane. Mwezi nane maji mafu, na magharibi unauona mwezi nusu uko utosini. Jua halipatwi maji mafu, linapatwa mwezi ushakufa, siku za bamvua. Hiyo khabari kakupa nani?"

Nilikaa kimya, sikuwa na jibu, kwa sababu alichokisema ndio hesabu yenyewe. Jua linapatwa mwezi ukipita katikati baina yetu na jua, na hilo haliwezekani isipokuwa mwezi ukiwa giza, tarehe 28, 29 au 30 za mwezi wa Kiislamu. Na mwezi wenyewe unapatwa ukiwa mpevu tu, kumi na nne au kumi na tano, dunia ikiwa katikati. Nyakati zote mbili hizo jua na mwezi vimejipanga mstari mmoja, na mpangilio huohuo ndio unaoleta bamvua, bahari inapojaa na kutoka sana, maji mafu ndio kinyume chake. Kwa hivyo kabla ya kwenda hata mtandaoni, mtu akikuletea tarehe ya kupatwa angalia kalenda ya ukutani, ikiwa iko katikati ya mwanzo wa mwezi na mwezi mpevu basi ni uongo, imekwisha.

Nikaenda kutafuta, nikakuta kupatwa kwenyewe kupo kweli ila ni tarehe 2 Agosti 2027, mtu kaudondosha mwaka. Giza litapita njia nyembamba tu kuanzia kusini ya Uhispania, Afrika Kaskazini, Misri, Makka imo, Yemen mpaka Somalia, na karibu na Luxor litakaa dakika 6 na sekunde 23. Dunia nzima haliingii giza. Na tarehe hiyo ukiipigia hesabu inaangukia mwisho wa mfunguo tano, pale anapotaka ami. Nikawaandikia wote usiku uleule kwamba khabari niliyowapa siyo, na kweli yake ni hii, na nikampigia bibi mwenyewe kwa sababu yeye ndiye aliyekwisha kuwaambia watu.

Wiki tano baadae ikaja ya kweli. Tarehe 7 Septemba 2025, siku chache tu baada ya Maulidi ya mfunguo sita, mwezi mpevu. Hiyo niliiangalia mara tatu kabla ya kuituma. Taarifa ya Kiingereza inasema mwezi utafunikwa wote kuanzia 17:30 mpaka 18:52 kwa saa za dunia. Hapa watu wengi wanakosea kwa hivyo fuata nami. Saa za dunia unaongeza 3 kupata za kwetu, 17:30 inakuwa 20:30. Halafu unatoa 6 kupata saa ya Kiswahili ya usiku, kwa hivyo hiyo 20:30 inakuwa saa mbili u nusu usiku, na kumalizika ni saa nne kasoro dakika nane. Usiishie hapo. Ukiandika "usiku wa Jumapili" nusu ya wazee wetu watatoka nje Jumamosi, kwa sababu kwetu siku inaingia na magharibi na usiku wa Jumapili ndio ule unaotangulia mchana wake. Mimi niliandika "Jumapili hii baada ya swala ya isha, saa mbili u nusu", hapo hakuna anayepotea. Usiku ule nilisimama Michenzani na watoto wa dada yangu, mwezi umekuwa rangi ya sinia la shaba, na ami yuko Wete kwenye simu anatusimulia huo huo tunaoutazama.

Jengine ni kuieleza khabari kwa kitu ambacho msomaji keshakipitia. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya mbili za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania nzima mtandao ukawa mzito, mengine hayafunguki kabisa. Grupu zima wanazima simu na kuwasha, mtu kanunua bando mara mbili. Ungeweza kuwaandikia habari za nyuzi za kioo na mizunguko ya data wakalala. Mimi niliandika "mnakumbuka waya wa umeme wa baharini unaotoka Ras Kiromoni kuja Fumba, ule ulioharibika Desemba 2009 tukakaa kiza Unguja mpaka Machi 2010? Basi intaneti nayo inakuja kwa waya kama ule umelala chini ya bahari, na leo imekatika miwili pamoja." Basi. Wameelewa wote kwa sababu miezi mitatu ile ya vibatari na majenereta hakuna aliyeisahau. Watu wengi wanaamini intaneti inatoka angani kwa setilaiti, na mstari kama huo unawafungulia mlango mkubwa, suala la pili lilikuwa "sasa anaufunga nani huko chini?" na wiki iliyofuata nikaleta khabari ya meli za kutengeneza nyaya, na ilipendwa kuliko zote mwezi ule.

Ya nyumbani usifikiri lazima iwe ya jana. Kila zikitoka khabari za nchi fulani kuachia mbu madume waliotasishwa ili kizazi cha mbu kipungue, watu wanaona ni mambo ya ajabu ya Ulaya na wengine wanaogopa. Hapo naleta ya Unguja yetu. Mbung'o waliokuwa Jozani na kwengine wakiwaua ng'ombe kwa maradhi ya nagana walimalizwa kwa njia hiyohiyo, kuanzia 1994 madume yalikuwa yakilelewa Tanga, yanapigwa mionzi wasiweze kuzaa, kisha yanaangushwa kwa ndege juu ya misitu na mashamba ya Unguja, zaidi ya milioni 8 kwa jumla, jike akipandwa na dume kama huyo hazai tena. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996 na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Yaani dunia ilikuja kujifunza kwetu. Mimi khabari hii kila nikiisimulia nasikia fahari, na vijana wengi wa Unguja waliozaliwa baada ya hapo hawaijui kabisa, inaniuma.

Nikuwekee moja nzima uone urefu na mpangilio wake, hii niliituma Aprili 2024:

"Voyager 1 imesema tena. Hiki ni chombo cha NASA kilichorushwa tarehe 5 Septemba 1977, kiko mbali kuliko kitu chochote kilichotengenezwa na binaadamu, zaidi ya kilomita bilioni 24. Tokea Novemba kilikuwa kinatuma vitu havisomeki. Wahandisi wamegundua chipu moja ya kumbukumbu imekufa, wakaichukua programu iliyokuwa humo wakaigawa vipande wakaihamishia pengine, yote kwa kutuma amri kutoka huku. Amri moja inakwenda saa 22 na nusu, ukiituma leo magharibi inafika kesho alasiri, na jibu unalipata keshokutwa baada ya adhuhuri. Sasa kimeanza kuleta taarifa za afya yake vizuri."

Halafu linki. Umeona, kichwa kinasema jambo lenyewe, mstari wa pili unamwambia asiyejua kitu ni nini, tarehe zimo, na umbali nimeuweka kwa saa za swala kwa sababu bilioni 24 haimwambii mtu kitu. Mistari sita saba, usizidishe.

Picha nazo zina mtihani wake. Beit el Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na picha zile za mnara umelala na vumbi mimi nishaziona zaidi ya mara moja zinapita kama za leo, watu wanalia upya. Kabla ya kutuma picha iweke kwenye simu, ifungue kwa Google Lens, itakuonesha kurasa nyengine ilipowahi kutokea, na humo mara nyingi utauona na mwaka wake. Inachukua nusu dakika.

Akili mnemba ndio watu wananiuliza sana, kama naitumia. Kutafsiri neno gumu, ndio. Kunifupishia khabari nisiyoisoma, hapana, kwa sababu nishaipa makala nikaisoma na mimi, nikakuta kwenye muhtasari mna tarakimu ambayo kwenye makala haimo kabisa, na imeandikwa kwa ufasaha mpaka huwezi kuishuku. Na Kiswahili chake kinakuwa cha mtu asiyewahi kukaa barazani. Soma mwenyewe, funga simu, kisha andika kama unavyomsimulia mtu aliye mbele yako, maneno yatakuja ya kwetu yenyewe.

Kutuma, mimi natuma Alkhamisi baada ya isha kwa sababu Ijumaa watu wanakutana, wakitoka msikitini wana la kuzungumza. Natuma ujumbe mmoja mrefu wenye zote tano, kwa sababu ukituma matano mbalimbali simu za watu zinalia kutwa na ujumbe wa tatu unazikwa na picha za harusi. Khabari ya nyumbani naiweka ya kwanza.

Halafu narikodi sauti. Bibi yangu hasomi herufi ndogo na ami akiwa baharini mikono yake ina maji, kwa hivyo khabari zilezile nazisoma kwa sauti, dakika nne tano, kila moja nikiitaja siku na mahali. Zima feni, funga dirisha la upande wa barabarani, simu iweke karibu na kidevu kidogo upande ili pumzi isipige kwenye maiki. Usisome kama taarifa ya habari ya redio, simulia. Na ukitaja jina la mji wa mbali sema uko nchi gani kila mara, hata kama umeshalitaja wiki iliyopita.

Ukikosea, masahihisho yaweke juu kabisa ya pakacha la wiki inayofuata kabla ya khabari yoyote, andika nilisema hivi na kweli ni hivi, na kama kuna mtu unajua kaiamini akaipeleka mbele mpigie. Sasa hivi ami ndiye anayelipitia langu la mbingu na bahari kabla sijalituma, namtumia Alkhamisi mchana wakati ngalawa zishapanda, na akikaa kimya mpaka alasiri najua kuna kitu hakijamkalia sawa, namsubiri.